Kivoi wa Kitui na mali za watu

Sisi watu wa Pwani Krapf tunamjua. Mkewe na mtoto wao mchanga walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, mwaka wa 1844. Nyumba yake ya Rabai leo ni makumbusho, na kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapishwa 1882 baada ya yeye kufa, bado inafunguliwa na wanaotafuta maneno ya wazee wetu. Lakini yule mtu wa bara aliyemchukua Krapf hadi Kitui, akamfikisha mahali ambapo theluji ya mlima inaonekana, tunamtaja kwa neno moja tu, chifu wa Wakamba, kisha tunapita. Jina lake ni Kivoi, na wengi humwita Kivoi Mwendwa. Alikufa Agosti 1851 karibu na mto Tana. Leo nataka kusimulia maisha yake, na sababu yangu ni ya pesa.

Kila benki inapofungwa nchini, barazani huzuka swali lile lile. Pesa za watu zimekwenda wapi, na nani atasimama kujibu? Vijana hudhani swali hili lilikuja na majengo ya vioo na kadi za plastiki. Mimi naliona la zamani sana katika pwani hii, kwa sababu kabla ya benki kulikuwa na misafara, na msafara ulikuwa ndiyo benki yenyewe. Mtu alimkabidhi mwenzake pembe, nguo au shanga, akakaa kungoja miezi, na kilichokuwa katikati yao ni jina la mtu. Kwa njia ya Ukambani, jina kubwa kuliko yote katika miaka ya 1840 lilikuwa la Kivoi.

Kwanza tujue nchi aliyotoka. Wakamba husimulia kwamba wazee wao walikaa Nzaui, kisha milima ya Mbooni, na sehemu zote mbili leo ziko kaunti ya Makueni. Mbooni kuna maji na mashamba. Walipozidi, wengine wakavuka mto Athi kwenda mashariki, Kitui, na huko mambo ni mengine. Kitui ni nchi kavu. Mvua ikija inakuja kwa nguvu, ikikataa inakataa miaka miwili. Mtu wa Kitui hakuweza kutegemea jembe peke yake, kwa hiyo alikuwa mwindaji, mfuga nyuki, mfugaji wa ng'ombe na, zaidi ya yote, msafiri. Ilipokuja njaa walitoka kwenda kwa majirani kubadilishana vitu na chakula, na kutoka katika safari hizo za njaa ikakua biashara yenyewe. Njaa kubwa ya miaka ya 1830 iliwaleta wengi mpaka huku kwetu, wakakaa upande wa Rabai na Mariakani, na wajukuu wao wako hadi leo. Tunapanda nao matatu, tunaoana nao, na wengine wamekuwa ndugu zetu kabisa.

Makazi hayo ya pwani ndiyo yaliyofungua mlango. Mkamba wa Kitui mwenye pembe sasa alikuwa na ndugu Rabai wa kumpokea, kumlaza, kumweleza bei ya Mombasa na kumwonya kuhusu dalali mwongo. Misafara ikaanza kushuka yenyewe, watu 200, 300 na zaidi kwa mara moja, na pembe mabegani. Walipita Yata na Athi, wakakata Kikumbulyu, ambayo ni sehemu ya Kibwezi ya leo, wakavuka Tsavo, wakaingia nyika ya Taru isiyo na maji, ndipo wakatokea Rabai. Zilikuwa wiki tatu au nne za miguu. Njiani kulikuwa na hofu ya Wamaasai na ya Wagala, kama Waoromo walivyoitwa wakati ule, na kiu iliyoua watu bila kuwauliza kabila. Leo basi linatoka Mombasa asubuhi, linakata Kibwezi kwa barabara ya lami ya Mutomo, na jioni msafiri anakunywa chai Kitui mjini.

Walichorudi nacho kilikuwa nguo za kaniki, shanga, chumvi, masango ya shaba. Mombasa nayo ilikuwa imebadilika mikono. Seyyid Said aliwaondoa Mazrui 1837, na pembe zilizoteremka Mombasa zikawa zinakwenda Unguja na kutoka huko Bara Hindi na Ulaya. Ushuru wa forodha ulikuwa umekodishwa kwa Jairam Shivji, yule Baniani tajiri wa Unguja, na fedha za Wahindi zilitangulia mbele ya kila bidhaa. Wazee wetu wana neno la mpango huu, mali kauli, na mimi sijui neno zuri zaidi. Tajiri anakupa bidhaa bila kupokea hata pesa moja, unakwenda nazo, unauza, ndipo unarudi kulipa. Wala hakuna rehani, kuna kauli tu. Sisemi kwamba Kivoi mwenyewe alichukua mali kauli kwa Baniani fulani. Nasema soko alilolifikia lilikuwa limejengwa juu ya msingi huo, na mtu asiyeaminika hakuwa na la kufanya humo.

Sasa Kivoi alikuwa nani? Wazungu walimwita chifu, na hapo wameleta mchafuko. Wakamba hawakuwa na mfalme wala chifu wa kurithi. Mambo yao yaliamuliwa na wazee katika baraza, na kila kilima kilikuwa na wakubwa wake. Krapf mwenyewe aliandika kwamba kilichompa Mkamba ukubwa ni mali, ulimi mzuri, umbo la kuheshimika na, zaidi, sifa ya uganga na ya kuleta mvua. Kivoi alikuwa navyo. Alikuwa na boma kubwa, wake, watumwa na wageni wasiokatika. Msomaji asinielewe vibaya, simpaki asali. Biashara ya pembe ya zama zile ilikwenda pamoja na biashara ya watu, na boma la Kivoi halikuwa nje ya hayo, kama ambavyo majumba ya Mombasa na Lamu hayakuwa nje ya hayo.

Lakini zingatia jambo moja. Kama hakuwa mfalme, basi hakuna aliyelazimika kumfuata. Wale mamia waliotembea nyuma yake walimfuata kwa hiari, kila mmoja na pembe yake au ya ndugu yake, wakiamini kwamba Kivoi anajua njia, anajua visima, anajua wa kuongea naye huku na kule, na kwamba watarudi. Hakuwa na cheo kingine zaidi ya amana. Mwenye benki wa leo ana leseni ya Benki Kuu ukutani na walinzi mlangoni. Kivoi alikuwa na neno lake, na siku ambayo watu wangeacha kuliamini, angebaki mzee mmoja wa Kitui mwenye ng'ombe.

Pwani walimfahamu. Krapf alikutana naye mwanzoni mwa 1849, Kivoi aliposhuka na pembe zake na kupita kumwona yule mzungu wa Rabai. Alimweleza habari za bara ambazo hakuna mtu wa Ulaya aliyekuwa nazo. Alikuwa ameuona Kilimanjaro, na akasema uko mlima mwingine mkubwa kaskazini wenye kitu cheupe juu, na mto mkubwa unaotiririka kuelekea bahari. Alikuwa, kwa lugha ya leo, mtu mwenye habari za soko. Akamkaribisha Krapf amtembelee kwake.

Krapf akaenda Novemba mwaka ule ule. Kivoi alimpokea kwa shangwe na, kwa kweli, kwa majivuno. Alimwonyesha kwa watu wake kama mtu anavyoonyesha saa mpya. Viatu, nguo, nywele, kila kitu kilitazamwa. Napenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mfanyabiashara kazini. Mgeni kama huyo nyumbani ni mtaji. Watu walioona kwamba Kivoi ameahidi kuleta mzungu na kweli amemleta, kesho wangeamini ahadi yake nyingine. Wenye benki wanajua hesabu hii vizuri, ndiyo maana wanadhamini mashindano ya mpira na kusimama karibu na wakubwa picha zinapopigwa.

Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, Krapf aliuona mlima wenyewe. Wakamba waliuita Kiinyaa, na Krapf akauandika kama alivyousikia. Jina hilo likapita katika ramani za Wazungu, na mwaka wa 1920 Waingereza wakalipa koloni lote. Mabingwa wa ramani London walibisha miaka kadhaa kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kivoi hakuhitaji ruhusa yao. Na huwa nacheka peke yangu nikishika noti mkononi, kwa sababu jina lililoandikwa hapo, Kenya, limekuja kwenye karatasi kwa mdomo wa Wakamba na kwa mwaliko wa mfanyabiashara mmoja wa pembe.

Wakaagana na mpango. Krapf atarudi, na wote wawili watakwenda hadi mto Tana. Kila mmoja alikuwa na shabaha yake. Krapf alitaka njia ya injili na alitaka kuujua mto. Kivoi alifuata pembe. Mkataba wa namna hii, ambapo watu wawili wanapanda chombo kimoja kwa sababu mbili tofauti, ni wa kawaida na si dhambi, ila unapokwenda kombo kila mmoja hugundua kwamba hajawahi kuuliza mwenzake alikuwa anahatarisha nini.

Julai 1851 Krapf akaondoka tena Rabai. Safari ilikuwa mbaya tangu njiani, akafika kwa Kivoi amechoka. Agosti wakaondoka kuelekea Tana na kundi la watu wa Kivoi. Hawakuwa mbali na mto waliposhambuliwa na majambazi. Kivoi aliuawa pamoja na wale waliokuwa karibu naye. Wengine wakatawanyika msituni, kila mtu na roho yake. Krapf alifyatua bunduki hewani, maana hakutaka kumwaga damu, akakimbia, akajikuta peke yake.

Kilichofuata kimesimuliwa sana na sitakaa nacho. Aliufikia mto kwa kiu, akajaza maji katika ganda la darubini na katika mtutu wa bunduki kwa kuwa hakuwa na chombo kingine, akatembea usiku na kujificha mchana hadi akarudi nchi ya watu. Ni kisa cha ujasiri, na Wazungu walikipenda. Mimi nakipita haraka kwa sababu kisa ninachokitaka kinaanza pale aliporudi.

Alirudi akiwa hai, na Kivoi hakurudi. Ndugu wa marehemu walitaka majibu. Mbona wewe uko hapa naye hayuko? Walimhesabu kuwa ndiye sababu ya kifo. Mgeni wa Kivoi, mwenye bunduki, mwenye sifa ya kuwa na ilimu kubwa, alipaswa kumkinga au afe naye. Maisha yake yakawa hatarini katika boma lile lile lililompokea kwa vigelegele miaka miwili kabla. Akatoroka usiku, akatangatanga kwenye miiba na njaa, na mwishowe akapata njia hadi Yata, kisha Rabai mwezi Septemba, akiwa mikono mitupu. Mpango wa misheni ya Ukambani ukafa. Mwaka wa 1853 Krapf akaondoka pwani hii.

Waandishi wengi wa Ulaya waliliona jambo hili kama ushenzi na kukosa shukrani. Sikubaliani nao. Ukisoma kisa kwa jicho la mtu aliyepotelewa, madai ya ndugu wa Kivoi yalikuwa na mantiki. Mkubwa wa nyumba ameondoka na kundi. Nyuma yake kuna wake, watoto, watu waliofungamana naye kwa pembe na ng'ombe, na jina ambalo lilikuwa ndilo mtaji wa wote. Jina hilo limeanguka siku moja. Wana haki ya kuuliza ilikuwaje. Kosa lao, kwa maoni yangu, halikuwa kuuliza. Walimuuliza mtu mmoja tu, mgeni, asiye na ukoo wa kumtetea pale, huku watu wa Kivoi mwenyewe waliotupa mizigo na kukimbia wakirudi makwao. Na marehemu mwenyewe, aliyechagua njia, wakati na idadi ya watu, aliachwa nje ya hesabu, kwa sababu maiti huogopwa.

Hapo ndipo Kivoi ananirudisha kwenye benki zetu, ila zetu zimegeuza kisa juu chini. Ukambani 1851 marehemu alisafishwa na aliye hai akabebeshwa. Kwetu siku hizi marehemu hubebeshwa kila kitu ili walio hai wasafishike.

Chukua Imperial Bank. Septemba 2015 mkurugenzi wake mkuu alifariki. Muda mfupi baadaye waliobaki wakaenda Benki Kuu kusema wamegundua wizi wa miaka mingi, na tarehe 13 Oktoba 2015 benki ikawekwa chini ya mrasimu. Hesabu zilizotajwa hadharani zilizidi shilingi bilioni 30. Lawama ikaenda kwa yule aliyekwisha kuzikwa. Huenda alistahili, hayo ni ya mahakama. Ninachouliza ni hiki: wakurugenzi walikuwa wapi, wakaguzi wa hesabu walikuwa wapi, na wasimamizi wa Benki Kuu waliokuwa wakipokea taarifa za benki ile walikuwa wakisoma nini? Msafara wa watu 300 hauwezi kupotea njia miaka kadhaa bila hata mmoja kuona kwamba jua linachomoza upande usio wake.

Pwani iliumia. Benki ile ilikuwa na matawi huku, na wenye maduka, wenye hoteli ndogo, wastaafu na jamaa za misikiti walikuwa na akiba zao humo. Bima ya amana wakati ule ilikuwa shilingi 100,000 tu kwa mteja mmoja. Aliyekuwa na milioni mbili za mahari ya mabinti au za kujenga alilipwa kidogo kidogo, akingoja tangazo la gazeti kama wakulima wa Kitui wanavyongoja wingu. Mwaka wa 2020 kiwango cha bima kikapandishwa hadi 500,000. Desemba 2021 ile benki ikaingizwa katika ufilisi. Dubai Bank ilikuwa imefungwa miezi miwili kabla ya Imperial, Agosti 2015, na Chase Bank ikafuata Aprili 2016. Benki tatu katika miezi tisa. Wenye umri wangu tunakumbuka pia miaka ya themanini, taasisi za fedha zilipokuwa zikianguka moja baada ya nyingine mpaka serikali ikazikusanya tisa na kuunda Consolidated Bank mwaka wa 1989. Kwa hiyo si bahati mbaya ya mwaka mmoja.

Mjomba wangu hakuwa mtu wa benki kubwa. Alikuwa akipanda Kitui na Makueni kila msimu kununua pojo, na Machi akileta maembe Kongowea. Akiba yake aliiweka katika chama kimoja cha wafanyabiashara ambacho sitakitaja. Mweka hazina alipofariki ghafla, daftari lilionekana lina mashimo. Katika mkutano wa kwanza baada ya matanga kila mjumbe wa kamati alisema jambo moja, kwamba marehemu alikuwa akifanya mambo yake peke yake. Mjomba alisimama akauliza cheki zilikuwa zikitiwa sahihi na watu wangapi. Watatu, akajibiwa. Akakaa chini. Hakupata pesa zake, wala hakuna aliyefikishwa popote. Alikufa miaka michache baadaye, na mpaka mwisho hakuwa akimsema vibaya yule mweka hazina. Hasira yake ilikuwa kwa wale wawili wengine.

Nimetaja hayo kwa sababu Wakamba wenyewe walikuwa na njia zao za kumfuata mtu, na zilikuwa kali kuliko zetu. Deni kwao halikuzikwa na mwenye deni. Lilikwenda kwa wanawe, na wanawe wakashindwa likangoja wajukuu. Sisi Waislamu wa Pwani tunalijua sharti kama hilo, kwamba deni la maiti hulipwa kwanza kabla mirathi haijagawiwa, na ndiyo maana pale kaburini husimama mtu kutangaza kwamba mwenye madai na marehemu amwendee fulani. Tofauti ni kwamba Mkamba alikuwa pia na kithitu. Hiki ni kiapo kilicholiwa mbele ya wazee pale mmoja anapodai na mwingine anakana. Aliyeapa uongo aliaminiwa kufa, na si yeye tu, bali na watu wa nyumba yake. Kwa hiyo ndugu hawakukaa kimya wakimwangalia mwenzao anaapa. Walimwuliza kwanza, usiku, nyumbani, na kama anadanganya walimlazimisha alipe kuliko kuwaingiza wote kaburini. Waingereza walipokuja waliona nguvu yake, wakaruhusu kiapo hicho kitumike katika baadhi ya kesi za Ukambani.

Sidai turudishe kithitu benki, ingawa wapo wakurugenzi ambao ningependa kuwaona wakiitwa mbele yake. Ninachokiona ndani yake ni mpangilio. Kithitu kilifanya walio karibu na mwenye mamlaka wawe na sababu ya kumkagua. Katika benki zetu walio karibu na mkubwa wana sababu ya kufumba macho: marupurupu, mkopo wa nafuu, kiti cha bodi mwaka ujao. Siku ikifika, sahihi tatu zinakuwa sahihi ya mmoja, na huyo mmoja ameshafukiwa.

Turudi Kitui tumalize kisa. Baada ya Kivoi biashara haikufa siku ile. Misafara ya Wakamba iliendelea kushuka, wakubwa wengine wakatafuta nafasi yake. Lakini miaka iliyofuata mambo yakageuka upande wetu. Wafanyabiashara wa Kiswahili na wa Kiarabu wakaanza kupanda bara wenyewe kwenda kuchukua pembe walikokuwa hawathubutu kwenda, na njia iliyokuwa mikononi mwa watu wa Kitui ikawa na wenyewe wengi. Wanahistoria hutoa sababu nyingi: ndovu waliokuwa wakipungua na kusogea mbali, bunduki, fedha za Unguja. Yote ni kweli. Mimi huongeza moja ndogo. Mfumo ulioshikwa na jina la mtu mmoja mkubwa unapompoteza, hauna wa kumwambia tajiri wa Mombasa kwamba hesabu ziko sawa.

Nimeshapita pale Makueni mara nyingi, na mara moja nilisimama Kibwezi na dereva mzee wa lori aliyezaliwa Kitui. Nilimtajia Kivoi. Hakunieleza habari za mlima wala za mzungu. Alinieleza kwamba babu zake walikuwa wakitembea hadi Mombasa na kurudi, na kwamba mtu aliyepewa mzigo wa wengine akapoteza hakurudi kijijini kabla hajapita kila nyumba kueleza amepoteza nini na ya nani. Kama ilikuwa hivyo kila mara siwezi kusema, wazee hupenda kuipamba zamani. Ila nilimwamini nusu, na hiyo nusu nimekaa nayo.

Jumapili ijayo chama chetu cha Kisauni kina mkutano wa mwaka. Nimepeleka hoja mbili kwa katibu. Ya kwanza, wote watatu wanaotia sahihi cheki wasome taarifa ya benki mbele ya wanachama, kila mmoja kipande chake, kwa sauti. Ya pili, mwenye sahihi akifariki au akihama, wawili waliobaki waeleze hesabu zote kabla hatujachagua wa kuziba pengo. Katibu amenipigia simu kusema hoja ya pili itawakera wafiwa. Nimemwambia aiweke kwenye ajenda hivyo hivyo.